Nyumba Iliyorukwa

Lois alipomwona baba yake akinyoosha mkono kule nyuma ya hema, aliinamia kipaza sauti kana kwamba kimeharibika. Alikipuliza, akakigongagonga, kisha akauliza, "Kuna swali upande huu wa akina mama?" Akina mama wakatazamana. Hawakuwa na swali. Mkono wa mzee ulibaki juu, na kila mtu aliuona.

Baraza lilikuwa limeitishwa na chifu ili wakazi wasikie mpango wa kukijenga upya kituo cha stima. Kituo chenyewe kilikuwa ng'ambo ya ua wa waya, nje kidogo ya mji wa Voi, kikivuma vile kilivyovuma tangu wazee wakiwa vijana. Transfoma zilivuja mafuta, swichi hazikuwa na vipuri tena popote, na Injinia Valentine, mkuu wa mpango, alikuwa ameeleza kwa upole kwamba hakiwezi kuzimwa tu kikabomolewa. Hospitali, pampu za maji na viwanda vya mkonge vingekaa gizani. Lazima kipya kijengwe kando, cha zamani kikiendelea na kazi, ndipo mzigo wa stima uhamishwe kidogo kidogo. Na hapo kando palikuwa ardhi ya watu. Upande wa mashariki kulikuwa na korongo la maji ya mvua na njia ya ndovu. Upande wa magharibi kulikuwa na nyumba.

Kazi ya Lois ilikuwa hizo nyumba. Kampuni ya washauri ilimwajiri kuwa afisa wa jamii: awaongoze wapimaji, ahesabu kila boma, atie alama ya rangi nyekundu mlangoni, na awaeleze wenyewe kwamba aliye na alama atapewa kiwanja kingine na kujengewa. Asiye na alama hakuelezwa lolote, kwa kuwa haikutarajiwa awepo.

"Mzee pale nyuma," akasema Injinia Valentine, ambaye hakuwa na sababu ya kutomwona. "Simama utuambie."

Nehemiah alisimama. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, na kofia aliivua akaishika kifuani. "Mimi naitwa Nehemiah. Nimekaa upande huo wa machweo tangu nikiwa askari wa hapa kituoni. Jirani zangu wote wamewekwa alama. Wa kushoto amewekwa, wa kulia amewekwa. Yangu haina. Nauliza tu kama nimesahaulika, ama kuna jambo nimekosea."

Alizungumza na injinia peke yake. Hakumtupia Lois jicho hata kidogo.

Injinia akamwinamia Lois. "Unamfahamu huyu mzee? Ulifika kwake?"

"Simfahamu," akasema Lois.

Alidhani amenong'ona. Lakini kipaza sauti kilikuwa bado karibu na mdomo wake, na neno lile lilitoka kwenye spika, likapita juu ya vichwa vya watu, likaenda mpaka kwenye ua wa kituo.

 Watu hemani walimjua Lois. Mama Mbula, aliyekaa safu ya mbele na mjukuu mapajani, ndiye aliyekuwa akimsuka Lois kila Jumamosi baada ya mama yake kuzikwa kwao Chawia. Fundi baiskeli aliyekaa kando yake alikuwa akimpakia kumpeleka shule mvua inaponyesha. Kila mmoja alimngoja mwenzake aseme. Lakini ya mtu na mwanawe hayasemewi barazani na mtu wa nje, na chifu alikuwa mgeni, hakujua lolote.

Ni Nehemiah aliyemwokoa. "Ni kweli," alisema. "Huyu afisa hatufahamiani. Mimi nilikuwa nauliza tu kama mwananchi."

Akavaa kofia, akakaa.

Baada ya baraza watu waligawiwa soda na mkate, kama desturi. Injinia Valentine hakuwa mtu mbaya. Alimwona yule mzee wa kofia amesimama peke yake karibu na kigingi cha hema, mikono mitupu, akachukua chupa ya soda akamkabidhi Lois. "Mpelekee. Asije akaenda akidhani tumemdharau."

Lois alitembea na ile chupa huku macho ya akina mama yakimchoma mgongoni. Alipomfikia baba yake hakumsogelea sana. Alisimama pale ambapo mtu husimama na mgeni.

"Karibu soda, mzee," alisema, kwa kuwa injinia alikuwa akitazama.

"Asante, madam." Nehemiah aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea kitu kutoka kwa mkubwa wake.

"Baba," Lois akanong'ona.

"Nenda, mama. Wanakungoja." Alikuwa akimwita mama tangu utotoni, kwa sababu Lois alirithi jina la bibi yake mzaa baba. "Mkubwa wako anaangalia huku."

Soda hakuifungua. Alimpa mjukuu wa Mama Mbula, akashika njia ya kwake.

*

Jioni, nyumbani kwao mtaani Voi, Lois alimkuta mumewe amekaa kimya kuliko kawaida. Morris alikuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi, mtu wa maneno mengi na mzaha. Siku hiyo alimtuma binti yao, Shanice, akaanue nguo kwenye kamba, na mlango ulipofungwa akasema, "Mama Mbula amenipigia."

"Amesema nini?"

"Ameniuliza kama mke wangu ni mzima wa akili. Nikamuuliza kwa nini. Akaniambia."

Lois aliweka mkoba mezani. Bado alikuwa na fulana ya kung'aa ya mradi. "Ungekuwa wewe ungesema nini? Waliponiajiri waliuliza kama kuna jamaa yangu kwenye eneo la mradi. Ulikuwa umekaa hapo hapo nikijaza fomu kwenye simu. Uliniambia nini?"

Morris alikwaruza meza kwa ukucha. Alikumbuka vizuri. Walikuwa wamekaa miezi wakiishi kwa mshahara wake ambao shule ilitoa ikipenda, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kuwasalimia akiwa mlangoni bila kuingia.

"Nilikuambia useme hakuna," akasema. "Sikukuambia umkane mzee mbele ya watu."

"Ni kitu kimoja, Baba Shanice. Ukishasema hakuna, yule mtu akisimama utafanya nini?"

"Na nyumba yake? Ulikuwa unangoja nini?"

"Nilitaka nirudi baadaye. Nimwombe mpimaji aiongeze kimya kimya, kama iliyosahaulika."

"Sasa amesimama mwenyewe kusema imesahaulika, na wewe ukamkata mdomo."

 Kulikuwa na jambo jingine ambalo Lois hakumwambia mumewe. Siku yake ya kwanza kazini, ndani ya gari la mradi, dereva alionyesha kijumba cha udongo chenye mabati ya kutu, karibu na nguzo kubwa, akasema, "Hawa wanajenga chini ya waya kama kunguru." Gari zima likacheka. Lois naye akacheka. Alicheka kabla hajajua kwamba anacheka, na baada ya hapo hakuona namna ya kusema kwamba ndani ya kijumba hicho ndimo alimolelewa. Kwa hiyo haikuwa kazi peke yake. Kazi ilikuwa kisingizio kizuri, hata Morris alikikubali. Aliionea haya nyumba ile, na pia mzee aliyekaa ndani yake akisikiliza redio ya betri chini ya nyaya za stima za nchi nzima.

Shanice aliingia na mzigo wa nguo. "Mama, babu anakuja lini? Alisema ataleta kimanga cha mihogo."

"Nenda ukakunje nguo," Morris akamjibu.

*

Kesho yake asubuhi Lois alikwenda kwa miguu, bila fulana ya mradi. Alisikia mlio kabla hajaiona nyumba: mlio wa msumari mkongwe ukichomolewa kwenye bati. Nehemiah alikuwa juu ya ngazi. Nusu ya paa ilikuwa tayari imeshuka, mabati yamepangwa ukutani, na ndani kitanda kilikuwa kikipigwa na jua.

"Baba! Unafanya nini?"

"Naondoa mapema." Hakuacha kazi. "Nyumba isiyo na alama itakuja kuulizwa. Nani alipita hapa? Mbona aliiruka? Kama haipo, hakuna swali."

"Shuka, Baba. Nitawaambia mwenyewe."

"Utawaambia nini? Ufukuzwe, mtoto akose karo? Mimi nimebakiza nini cha kuhangaikia kiwanja? Nitapanda Chawia kwa wajomba zako."

"Wajomba walikukataza hata kuzika mama bila mbuzi wa mahari. Watakupokea?"

 Nehemiah alishuka polepole, akakaa kwenye ngazi ya chini, akaanza kunyoosha misumari juu ya jiwe kwa nyundo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtesa Lois. Angemfokea, angeona amelipa kiasi.

"Siku ile mlipopita na wapimaji," mzee akasema, "nilikuwa nimechemsha chai. Niliazima vikombe kwa Mama Mbula, maana nilisikia mko wengi. Nikawaona mnakuja, wewe mbele na ile fulana yako. Nikasema, leo mwanangu anawaleta wakubwa nyumbani. Kisha ukawaonyesha njia ya nyuma."

"Uliniona?"

"Nilikuwa nimesimama mlangoni."

"Niliwaambia kuna mbwa mkali."

Nehemiah alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Mbwa gani? Hapa hakuna hata kuku." Akachukua msumari mwingine. "Nikafikiri labda mmeanzia mbali, mtarudi. Nikaipasha chai. Nikaipasha tena. Mwishowe nikarudisha vikombe, Mama Mbula akaniuliza wageni walisemaje. Nikamwambia walikuwa na haraka."

Hapo ndipo Mama Mbula mwenyewe alipotokea kwenye pengo la ua, ameshika jembe. Alimtazama Lois kutoka kichwani hadi miguuni. Halafu yule mama mwenye mvi, aliyemwogesha Lois akiwa mdogo, akakunja magoti kidogo.

"Shikamoo, madam," alisema.

Lois alifungua mdomo. Kuitikia ingekuwa matusi, na kunyamaza pia ingekuwa matusi. "Mama Mbula, tafadhali," alisema, "usinifanyie hivyo."

"Nakufanyia nini? Mimi nasalimia wakubwa. Naomba tu usije ukatufuta na sisi." Akaelekea shambani kwake.

*

Jumatatu Lois alimngoja Injinia Valentine nje ya kontena walilolifanya ofisi. Alikuwa ameyapanga maneno njiani, lakini injinia alipofungua mlango yalimtoka yote kwa pamoja. "Yule mzee wa barazani ni baba yangu. Upande ule niliiruka nyumba yake makusudi. Hakuna mbwa."

Injinia alikaa. Akamwonyesha kiti, naye akakaa. Ukutani kulikuwa na ramani ya kituo kipya, yadi ya transfoma imechorwa kwa buluu juu ya upande wa magharibi, na pale palipokuwa na nyumba ya Nehemiah palikuwa peupe.

"Kwa nini?"

"Niliogopa kukosa kazi. Mliuliza kama nina jamaa."

"Tuliuliza ili tujue, si ili tukufukuze." Alizungumza taratibu, kama mtu anayemhurumia na kumkasirikia kwa wakati mmoja. "Kila mradi una mtu kama wewe. Tukiajiri mtu wa hapa, tunatarajia ana watu hapa. Ungeniambia siku ya kwanza, ningempa mwenzako Austin upande wa magharibi, wewe ukafanya kazi nyingine ya ofisi. Ingekuwa imeisha siku hiyo hiyo, na baba yako angekuwa na alama yake."

Lois aliinamisha kichwa. Alikuwa amejitayarisha kwa ukali. Hakujitayarisha kuambiwa kwamba haikuwa na haja.

"Naomba aongezwe tu," alisema. "Mimi nitaondoka."

"Si rahisi hivyo." Injinia alisimama akaikaribia ramani. "Kama uliruka moja, nitaaminije hizo nyingine? Wenye pesa wakiuliza, nitasema nini? Nikitia saini hesabu hii nikijua, mimi pia nimedanganya. Lazima upande wote uhesabiwe upya, na mtu mwingine."

"Wote?"

"Wote. Alama za kwanza zitafutwa."

"Lakini hao wengine niliwahesabu sawasawa. Wameshaanza kupanga mambo yao. Wengine hawakupanda msimu huu."

"Najua," alisema injinia. "Ndiyo maana ni bora ulie hapa, kabla sijaenda kuwaambia."

Lakini Lois hakulia. Alivua kitambulisho cha mradi shingoni, akakiweka mezani, akabaki hajui mikono aiweke wapi.

*

Habari ilienea kabla ya chifu kuitangaza. Vijana waliotumwa na ndoo ya rangi nyeupe walipita mlango kwa mlango wakizifunika alama nyekundu, na katika kila mlango waliulizwa sababu, na katika kila mlango walitaja jina la Lois. Watu walikuwa wamekasirika naye kwa kumkana baba yake. Sasa walikasirika naye kwa kusema ukweli. Sokoni Voi mwanamke mmoja wa upande ule alimwona akichagua nyanya, akasema kwa sauti mwenye kibanda asikie, "Muuzie haraka aende. Huyo akikutazama duka linatoweka."

Hesabu ya pili ilisimamiwa na Austin, kijana mwenye adabu kutoka Mata. Lois hakuruhusiwa kuwasogelea wapimaji. Alisimama barabarani na Morris, wakitazama kwa mbali. Nyumba ya Mama Mbula ikapimwa, ikaandikwa. Wakafika kwa Nehemiah.

Kulikuwa na kuta nne za udongo, mlango, na mbingu.

Morris alikuwa amemwendea mzee jioni iliyotangulia na ngazi ya shule, tayari kurudisha mabati. "Tunayapiga sasa hivi, mzee. Kesho wanakuta nyumba nzima. Si uongo, ilikuwa nzima." Nehemiah alikataa katakata. "Niliishusha kwa mikono yangu nikitaka isionekane," alisema. "Sasa niipandishe nikitaka ionekane? Mmechoka na kudanganya ama bado?" Morris, aliyekuwa na jibu la kila kitu, aliirudisha ngazi shuleni kimya kimya.

Austin alizunguka zile kuta, akaangalia juu, akapiga simu. Sauti yake ilifika barabarani kwa upepo. "Ndiyo, kuta zipo. Paa hakuna. Hapana, hapaishiki." Alikaa akisikiliza. Kisha akampa mzee mkono kwa heshima, akamweleza. Kwa mujibu wa kanuni, jengo lisilo na paa halikuwa makao. Angelipwa kifuta jasho cha kuta na cha mpapai mmoja. Kiwanja na nyumba mpya vilikuwa vya wenye makao.

"Nimeelewa," Nehemiah alisema. "Asante kwa kufika."

Lois alimwendea Injinia Valentine akamsihi. Injinia aliandika barua ya kumtetea mzee, na pengine aliiandika vizuri, lakini jibu la wenye pesa lilisema kwamba hesabu ya pili ndiyo ya mwisho, kwa sababu ya kwanza iliharibiwa na mtu wa familia hiyo hiyo.

*

Kwa hiyo Nehemiah akaja kukaa Voi kwa binti yake. Alikuja na redio, na koti, na mabati yaliyofungwa kwa kamba, ambayo Morris aliyaegemeza nyuma ya nyumba kwa kuwa mzee hakutaka yauzwe. Walimpa chumba cha Shanice. Mtoto alifurahi kulala sebuleni, na kwa siku za kwanza yeye peke yake ndiye aliyecheka katika nyumba ile.

Mzee hakusumbua mtu. Aliamka mapema akafagia ua. Alikula alichopewa na kusema asante, kila mara asante, hata kwa maji ya kunywa, mpaka Lois akatamani aseme chumvi haitoshi. Akiitwa mezani alisema wale kwanza. Morris alijaribu kumchokoza kwa mizaha ya siasa, naye alijibu kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mwenyeji ambaye hamjui vizuri. Lois alikuwa amemwomba radhi zaidi ya mara moja. Kila mara alimjibu, "Yamekwisha, mama," na Lois aliamini kwamba kwa upande wake kweli yalikuwa yamekwisha. Hakuwa mtu wa kinyongo. Ila kuna jambo alilokuwa amejifunza pale barazani, na hakuna aliyejua namna ya kumfundisha aliache.

Siku moja mchana Lois alikuwa jikoni akikanda unga wa chapati. Mzee alikuwa amekaa barazani mwa nyumba. Lango likagongwa, akaingia Beth, mke wa afisa wa benki aliyehamia nyumba ya pili, mwanamke wa mkoba mzuri na viatu safi, ambaye Lois alikuwa hajapata hata kumkaribisha chai.

"Hamjambo hapa? Nimekuja kuazima ngazi. Mama Shanice yupo?"

Lois alisikia kiti kikisogea. Baba yake alikuwa amesimama.

"Yupo ndani, mama. Nikuitie?"

"Hapana, usimsumbue. Nitarudi jioni bwana akiwepo. Na wewe mzee ni nani hapa? Sijakuona."

 Lois alisimama na mikono ndani ya unga.

"Mimi ni askari tu," Nehemiah alisema. "Naangalia lango."

"Vizuri sana. Wezi wamezidi mtaa huu."

Lango likafungwa. Lois alitoka jikoni, akampita baba yake bila kumtazama, akafungua lango kwa mikono yake ya unga, akakimbia barabarani bila viatu. Alimfikia Beth akiwa ameshika komeo la kwake.

"Yule mzee," alisema akihema.

Beth alishtuka. "Kuna nini? Amefanya nini?"

"Si askari. Ni baba yangu. Baba yangu mzazi. Anaitwa Nehemiah."

Beth alimtazama usoni, akatazama mikono, akatazama miguu iliyojaa vumbi jekundu. "Haya," akasema polepole, bila kuelewa alichopaswa kujibu. "Haya, nimesikia. Mimi nilitaka ngazi tu."

Lois akarudi. Barazani hapakuwa na mtu. Mzee alikuwa amebeba kiti chake, akakihamishia nyuma ya nyumba, karibu na mabati, mahali ambapo mgeni akiingia langoni hawezi kumwona.